Punguza vipimo vya picha kabla ya kubana faili

Tovuti nyingi za utalii hapa Uganda hukupokea kwa picha ya gorila wa Bwindi iliyopakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera: pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti nne au tano. Simu inaionesha kwa upana wa pikseli elfu moja hivi. Zilizozidi zimekula bando la mgeni bure.

Wengi huigeuza JPEG, aina ya faili inayotoka kwenye kamera, kuwa WebP, aina nyepesi zaidi ya faili la picha, wakadhani wamemaliza. Faili hupungua kweli, lakini brauza ikiifungua hukuta pikseli zilezile milioni 12. Kwa baiti nne kila moja, hiyo ni megabaiti 48 za kumbukumbu, faili iwe nyepesi namna gani. Simu za bei nafuu hukwama hapo. Ukiishusha hadi 1200 kwa 900, zinabaki megabaiti nne na kitu.

Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, mstari mmoja unatosha:

magick gorila.jpg -auto-orient -resize 1200x -quality 75 gorila.webp

Usiache -auto-orient. Kamera nyingi haziigeuzi picha yenyewe. Huandika tu ndani ya faili kwamba simu ilishikwa wima. Maandishi hayo yakipotea, gorila analala ubavu. Ukiongeza -strip unafuta pia mahali picha ilipopigwa, jambo jema, ila inafuta na wasifu wa rangi (maelezo ya jinsi rangi zinavyopaswa kuonekana), na picha za iPhone huweza kupauka. Zigeuze kwanza kuwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa wavuti.

Ubora wa 75 hufaa picha nyingi. Usipange kikomo kimoja cha kilobaiti kwa zote: majani ya msituni yana vitu vidogovidogo vingi, hivyo faili lake litakuwa zito kuliko la anga juu ya Ziwa Victoria, hata ubora ukiwa uleule. Nembo iwe SVG, faili linalochora kwa mistari badala ya pikseli. JPEG huchafua kingo za herufi.

Kwenye HTML, andika width na height (upana na urefu wa picha), la sivyo maandishi yataruka picha ikifika. loading="lazy", inayoiambia brauza isipakue picha hadi mgeni aikaribie, iwekwe kwenye picha za chini tu. Ukiiweka kwenye ile ya juu kabisa, unaichelewesha picha ambayo mgeni anaisubiri. Na ukitumia srcset, orodha ya nakala za picha ambazo brauza huchagua mojawapo, yenye upana wa 480, 800 na 1200, andika na sizes, yaani upana ambao picha itaonekana nao. Bila hiyo brauza huchukulia kwamba picha inajaza skrini nzima, ikapakua kubwa hata kwa kijipicha cha orodha.