Korosho moja mbele ya kilabu cha nipa

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, hapa Newala mkoani Mtwara mlevi hana pa kukimbilia, harufu inamfuata hadi kitandani. Nilikuwa mtu wa nipa, pombe kali ya mabibo, tangu asubuhi, na mjomba ndiye aliyenishauri: "Mpwa wangu, mwanaume anaacha siku moja. Funga mlango ulale." Nikafunga. Siku ya pili mikono inatetemeka, kikombe cha uji kinanishinda. Ya tatu nikaona siafu wanapanda ukutani, wala siafu hamna, nikaanguka kama mwenye kifafa. Muuguzi alitufokea: anayekunywa kila siku haachi ghafla bila dawa, anaweza kufa. Mjomba akawa anatazama dirishani.

Dawa zikaisha. Kazi ikawa kurudi nyumbani. Mshauri mmoja wa Mtwara mjini akanifundisha meditesheni, yaani kukaa na kuangalia pumzi. Mara ya kwanza nimekunja miguu chini ya mkorosho, macho nimefumba, najilazimisha nisiwaze kitu. Niliwaza nipa nusu saa nzima, nikainuka nina kiu kuliko nilivyokaa, moja kwa moja kilabuni! Kumbe hakuna aliyesema usiwaze. Wazo likija unalitambua, hilo la nipa hilo, halafu unarudi kwenye pumzi.

Akasema pia hamu ni wimbi: usishindane nalo, lipande mpaka lijivunje lenyewe. Mbinu hiyo ni ya Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani. Sawa, ila mimi mtu wa Newala, kuogelea kwenyewe sijui.

Kilichoniokoa ni korosho. Kwa yule mshauri tulifundishwa kula zabibu kavu moja, polepole. Zabibu nizitoe wapi? Nikaweka korosho za kukaanga mfukoni. Saa kumi na moja jioni, njia panda ya kilabuni, hamu inaanzia kooni, inashuka kifuani, mate yanajaa. Natoa moja. Naigeuza vidoleni, nakuta kiganda chekundu kimebaki kwenye mkunjo. Nainusa. Naiweka ulimini bila kutafuna: chumvi kwanza, kisha inalainika, utamu unakuja taratibu. Nikija kuitafuna, koo limeshalegea. Siku mbaya huwa korosho saba, na watoto wamenibatiza Mzee Korosho.

Nauli za Mtwara sikuzihesabu, ila nipa ilinila zaidi.

Juzi mjomba kaomba moja ajaribu. Kaitafuna papo hapo, kaomba nyingine.