Krambo ya Matufaha: Kazi ya Kweli kwa Mikono Midogo

Anayelea watoto wadogo Uingereza anaijua ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma. Kuanzia hapo giza linatanda kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtoto aliyezoea kukimbia nje mpaka wakati wa kuoga anabaki kukuzunguka sebuleni akiuliza, "Mama, sasa tufanye nini?" Mimi huwapeleka jikoni. Na chakula ninachokitegemea saa hizo ni kile kitindamlo ambacho wenyeji wanakiita apple crumble. Sisi nyumbani tunasema krambo: matufaha chini, chenga za unga, siagi na sukari juu, unaingiza kwenye oveni, basi.

Mapishi mengi yanayosifiwa kuwa ya watoto humwachia mtoto kunyunyizia mapambo mwishoni, na mtoto si mjinga, anajua kwamba amepewa kazi ya kumnyamazisha. Krambo ina kazi ya kweli. Sehemu yake kubwa ni kufikicha siagi kwenye unga, na vidole vya mtoto wa miaka minne vinaiweza. Tena haidai usahihi wa fundi wa keki. Chenga zikitoka nyingine kubwa, nyingine ndogo, ndipo utamu ulipo, maana zile kubwa huwa ngumu na za kutafuna.

Kwanza matufaha yenyewe. Mgeni akiingia dukani huku hukuta makubwa ya kijani, yamepindapinda umbo, akidhani ni ya kula. Hayo ni Bramley, ni ya kupika. Yana asidi nyingi, ukiyauma mabichi meno yanashika ganzi, lakini yakipata moto yanalegea na kuvurugika yakawa laini kama povu. Ya kula, kwa upande wake, hubaki vipande. Mimi huchanganya: sehemu mbili za Bramley, sehemu moja ya yale matamu, ili kijiko kikutane na vyote. Na kabla hujanunua, tembea mtaani mwezi wa Septemba na Oktoba. Wenye miti bustanini mara nyingi hushindwa kuyamaliza, wakaweka boksi nje ya geti na kikaratasi cha kukuruhusu uchukue. Chukua bila haya. Waache watoto wachague wenyewe, wakague yaliyotobolewa na wadudu, wayabebe.

Wakati tunamenya ndipo ninapowasimulia habari za mti wa Bramley, na wanaitaka kila mara. Mwaka 1809, katika mji wa Southwell, Nottinghamshire, msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha. Moja ikaota, ikawa mti. Miaka mingi baadaye, mwaka 1846, nyumba ile ikanunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana mmoja wa kitalu cha miche, Henry Merryweather, akaomba vikonyo, yaani vijitawi vya kupandikiza, vya mti ule ili avizalishe na kuuza. Bramley akakubali, kwa sharti kwamba tunda lichukue jina lake. Binti yangu mkubwa hukasirika kila tukifika hapo. "Lakini yeye ndiye aliyepanda!" Namwambia ana haki ya kukasirika. Kisha namweleza kwamba mbegu ya tufaha haizai tunda lilelile la mama yake, kwa hiyo kila mti wa Bramley ulioko duniani umetokana na vikonyo vilivyounganishwa kwenye mashina mengine, ukivifuatilia nyuma unafika kwenye mti ule mmoja wa Mary Ann.

Vipimo: kwa bakuli la kulisha watu watano au sita, chukua matufaha gramu 800 hivi. Kwa juu, unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 100, sukari gramu 100. Ni rahisi kukumbuka, unga ni maradufu ya kila kimoja kati ya hivyo viwili. Mtoto anayejifunza hesabu mpe mizani, akae nayo.

Kukata kunahitaji jicho lako. Pasua tufaha katikati wewe mwenyewe, toa moyo wake, kisha mpe mtoto nusu ikiwa imelazwa upande bapa, isiviringike. Mwonyeshe kuushika mkono kama daraja: dole gumba upande huu, vidole upande ule, kisu kipite chini ya upinde. Akishazoea, anakata bila wewe kushikilia pumzi. Vipande vyembamba havihitaji kupikwa kwanza sufuriani, ingawa wengi husisitiza hivyo. Vimwage kwenye bakuli la oveni, sukari vijiko vitatu au vinne, mdalasini kidogo.

Sasa kufikicha. Siagi itoke kwenye friji ikiwa baridi, ikatwe vipande vidogo. Mafuta yanapoupaka unga, yanauzuia kushikana na kuwa donge la mkate, ndiyo maana krambo inamong'onyoka mdomoni. Siagi ikiyeyuka mapema, unapata kinyunga. Kwa hiyo ncha za vidole tu, si viganja, kwa sababu viganja vina joto. Nyanyua unga juu, fikicha, uachie udondoke. Kitinda mimba wangu hutangaza mapema mno kwamba tayari.

"Bado mwanangu. Tikisa bakuli tuone."

Anatikisa, na mabonge ya siagi yaliyojificha yanapanda juu yenyewe. Hapo macho yanamtoka, anayakimbilia moja moja kwa kidole na dole gumba mpaka yaishe. Ningeweza kumaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Simwingilii.

Ile sukari ya gramu 100 inaingia kwenye chenga mwisho. Mwagia chenga juu ya matufaha bila kushindilia, oveni nyuzi 180 (160 kama ina feni), dakika 40 hivi, mpaka juu pawe rangi ya dhahabu na mchuzi uchemke pembeni. Ule mchuzi unaunguza vibaya. Ipoe dakika kumi na tano kabla mtoto hajapewa kijiko.

Chakula hiki kilienea huku wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siagi na sukari ziliingia kwenye mgao Januari 1940, na krambo ilihitaji mafuta machache kuliko pai yenye ganda. Tunakula na kastadi ya moto, ile ya unga. Hiyo nayo ni ya Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, aliyeitengeneza mwaka 1837 bila mayai kwa sababu mke wake yalimdhuru. Kama kuna mtoto asiyepatana na mayai mezani kwako, huyo bwana amekusaidia.

Ukipata nguvu, fikicheni kiasi maradufu siku hiyohiyo. Chenga zinazobaki zitie kwenye mfuko, weka friza. Siku ya shule, mkirudi mmelowa mvua, mtakata matufaha, mtazimwaga juu zikiwa bado na barafu, na oveni itamaliza.