Chumba cha BC

Usiku huu mawazo yangu yako kwenye magurudumu ya Ramon Llull, mwanafalsafa wa kisiwa cha Majorca wa karne ya 13 na mwanzo wa ya 14: duara za karatasi zenye herufi, zinazozungushwa ili herufi zikutane. Watu huyachukulia kama mashine ya kutoa majibu. Kwangu ni kizuizi cha akili inayopenda kuruka hatua, na ndiyo sababu ninayapenda.

Katika kitabu chake Ars brevis cha mwaka 1308 anadai jambo moja kabla ya yote: alfabeti yake ikae kichwani. Ni herufi tisa, B hadi K, bila J. Kila moja imebeba maana sita. B ni wema, tofauti, swali la “je, ndivyo?”, Mungu, haki na uchoyo. C ni ukuu, mwafaka, “ni nini?”, malaika, busara na ulafi. Asiyezihifadhi hizi atazungusha karatasi tupu.

Herufi zikiunganishwa mbili mbili hutoa jozi 36, nazo huitwa vyumba. Ingia chumba cha BC uone kazi ilivyo. Mna maneno manne: wema, ukuu, tofauti, mwafaka. Kila neno lisemwe kwa yale matatu mengine: wema ni mkuu, wema una tofauti, wema una mwafaka, kisha ukuu ni mwema, na kuendelea. Jumla kauli 12. Kila kauli iulizwe kwa swali la B na la C: je, wema ni mkuu? Wema mkuu ni nini? Tayari maswali 24, na hujatoka chumbani.

Magurudumu ni ya herufi tatu tatu. Kata duara tatu za manila, nusu kipenyo sm 8, 6 na 4, uzishike katikati kwa uzi wenye fundo pande zote mbili. La nje halizunguki. Kila herufi ipewe nyuzi (digrii) 40 za duara, zote zipimwe kutoka mstari mmoja wa mwanzo. Ukipima kipande juu ya kipande, kosa la digrii 1 kwa kila kipande hufika digrii 9 ukimaliza mzunguko, na herufi hazikutani tena.

Mipangilio ya herufi tatu tatu ni 729, lakini ukiacha herufi zinazojirudia na zilizobadilishana nafasi tu, hubaki michanganyiko 84. Hapo wengi hukwama: wanahesabu michanganyiko, hawarudi kwenye fasili. Llull anasema wema ni kile ambacho kwa ajili yake jema hutenda jema. Bila kauli hiyo mkononi, “je, wema ni mkuu?” haijibiki, hata uzungushe mpaka alfajiri.