Mashine izalishe, ila isiguse nilichoandika mimi

Object Management Group (OMG), shirika la viwango vya programu, walivyoleta MDA (Model Driven Architecture, yaani kujenga programu kuanzia kwenye modeli) mwaka 2001 ahadi ilikuwa tamu kwelikweli: unachora modeli, inageuzwa kwenda jukwaa unalotaka, afu msimbo unatoka wenyewe. Sipingi, mi mwenyewe kuandika get na set za klasi nzima kwa mkono naona ni adhabu tu. Shida inaanza pale msimbo wa mashine na wa mtu vinapokaa faili moja.

Chukua EMF ya Eclipse, zana inayozalisha msimbo wa Java kutoka kwenye modeli. Kila methodi inayozalishwa inawekewa @generated kwenye komenti yake, ukitaka kuandika yako unaifuta hiyo alama au unaweka @generated NOT. Sasa mtu anabadilisha ndani ya methodi, alama anaisahau, mwenzake anabonyeza kuzalisha upya na kazi yote imefutika kimyakimya, wala hakuna erori. Na hata ukikumbuka kuweka NOT bado hujapona, maana toString yako (methodi inayogeuza kitu kuwa maandishi) uliyoirekebisha itabaki vilevile, mtu akiongeza fildi mpya kwenye modeli kila sehemu inaipata isipokuwa hapo, na kompaila hailalamiki.

Ndo maana mi napendelea kutenganisha kabisa, mashine inatoa klasi ya msingi kwenye folda yake, mi narithi kwenye faili langu ambalo jenereta hailigusi (wa C# wana partial class tangu 2005, yaani klasi moja inagawanywa kwenye faili zaidi ya moja, wanafaidi). Mtu akikuta anahitaji kuediti ile folda ya mashine, basi modeli au templeti (kiolezo ambacho jenereta inakifuata kuandika msimbo) ndo ina tatizo, akarekebishe huko.

Halafu kuna wanaotaka asilimia mia itoke kwenye modeli. Jamani. Sheria ya punguzo la bei yenye "isipokuwa" nne ukiichora inakuwa maboksi na mishale kibao, kuisoma kazi, na wawili mkiigusa siku moja mnabaki kuunganisha XMI (faili la XML linalohifadhi modeli) kwa macho. Mistari kumi ya if ingetosha, tena ungeiandikia na testi.

Templeti yenyewe siianzi mapema. Naandika kwa mkono kwanza mpaka nione nini kinajirudia kweli, maana ukiwahi, bagi (kosa) moja ya templeti inakaa kwenye klasi zote.

Msimbo uliozalishwa nauweka kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo, najua wengi hawapendi kwa sababu diff (orodha za mistari iliyobadilika) zinajaa, ila nikipandisha toleo la jenereta nataka nione imebadilisha nini.