Mbwa wangu alibana mkojo masaa 17

Kila nikiweka picha ya Bosi akiwa kwenye boti lazima mtu aulize, sasa huyo mbwa usiku anajisaidia wapi? Ngoja nieleze maana mimi mwenyewe sikujiuliza mpaka yaliponikuta.

Shemeji ana boti ya kuvulia pale Msasani, Dar, msimu wa kaskazi bahari ikitulia tunatoka ijumaa jioni, tunatia nanga upande wa Kigamboni karibu na kisiwa cha Sinda, tunalala hukohuko tunarusha mishipi. Safari ya kwanza nikambeba Bosi, nikajua akibanwa atakojoa tu, mbwa ni mbwa. Wapi! Kuanzia saa 11 jioni anazunguka, analia kidogokidogo, anakuja kunitazama usoni, anarudi kulala. Kesho yake saa 4 asubuhi ndo tukapata pa kumshusha upande wa bara, na maji yalikuwa yamekupwa kwahiyo nimembeba mgongoni nimezama mpaka kiunoni, kilo 28 hizo. Alivyogusa mchanga tu akakojoa bila hata kunusa, alikojoa mpaka nikaona aibu mimi.

Kumbe kosa letu wenyewe. Toka mdogo tumemfokea asikojoe barazani wala kwenye vigae, sasa deki ya boti kwake ni sebule tu ila inatikisika. Alikuwa anatii. Na kubana hivyo sio sifa, mbwa mkubwa masaa 8 mpaka 10 yanatosha, akizidisha mara kwa mara anajitafutia ugonjwa wa kibofu.

Halafu kuna nahodha wetu, mzee mtu wa swala, akaniambia, "Kijana, mbwa wako sina neno naye, ila mkojo wake usifike huku omo, mbele ya boti, ninaposali, ukifika itabidi nioshe mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo, sasa udongo baharini naupata wapi?" Ana haki bana.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua kapeti ya nyasi bandia, kipande cha mita moja, nikakiweka uwani pale pale anapokojoaga asubuhi. Wiki mbili. Siku tatu za mwanzo anaikwepa kama moto, nikachukua tambara nikalilowesha kwenye mkojo wake mwenyewe (usiniulize vizuri), nikalifunga kwenye dumu la lita 5 lililojaa mchanga nikalisimamisha katikati, maana dume bila kitu cha kuinulia mguu haelewi somo. Kila akikojoa namwambia "haya kojoa" na kipande cha dagaa. Akishazoea neno ndo mambo yote.

Kwenye boti nikaitoboa kapeti kona zote nikaifunga na kamba kule tezi, yaani nyuma ya boti, mbali na omo ya mzee. Saa 8 usiku nasikia kucha zinagonga deki, kamfuata dumu, kanusa, kazunguka, kainua mguu, wimbi likapiga akashusha, akainua tena, akashusha, akanigeukia kama mimi ndo naitikisa boti. Mara ya tatu akamaliza. Shemeji akapiga makofi, mzee kule mbele akasema alhamdulillah. Kapeti unaitumbukiza baharini na kamba yake unaisuuza, imeisha. Mavi yanaingia kwenye mfuko yanarudi nchi kavu, usitupe mfuko baharini tafadhali. Na usimshushe kwenye visiwa vya Mbudya wala Bongoyo eti akajisaidie, kule ni hifadhi na watu wanakula samaki pale pale mchangani.

Msosi nampa saa 7 mchana ili kubwa aimalize nyumbani, ila maji simnyimi, bakuli halikauki. Ile safari ya kwanza alilamba maji ya bahari akaharisha njia nzima kurudi, sitaki hata kukumbuka. Usiku namvalisha jaketi la kuokolea na kamba, maana dume akiamua kuinulia mguu ukingoni anaenda na maji.

Mzee nilimpelekea kimfuko cha udongo safi wa bustanini, akacheka akakiweka kwenye sanduku lake la zana, mpaka leo hajakifungua.

Shida iliyobaki ni moja. Jumapili tumeenda kwa mama Tabata, mlangoni kaweka zulia jipya, la nyasi bandia.