Kabichi za Villandry: nilivyomzungusha Mama makasri ya Loire

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na makasri kumi na moja ya bonde la mto Loire, Ufaransa, kwa siku nne. Mdogo wangu, anayefanya kazi mji wa Tours huko huko na ndiye aliyetualika, aliisoma akacheka. "Dada, hapa unamtembeza Mama au unakimbiza Mwenge?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mama ana miaka sabini na mbili, amelima mboga Lushoto maisha yake yote, na goti lake la kulia halipendi ngazi. Nikakata mpaka yakabaki matatu: kasri moja kwa siku, tufike asubuhi, tuanze na bustani kabla jua halijakolea, na siku ya nne tulale.

Gari lilitaka kutushinda hata kabla hatujaliona. Kaunta ya kukodi walidai kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili wazuie dhamana. Mimi nilikuwa na kadi ya kawaida ya benki. Tukakaa hapo mpaka mdogo wangu akatoka kazini, mkataba ukaandikwa jina lake, nami nikaongezwa kuwa dereva wa pili kwa ada ya ziada. Kama unapanga safari kama hii, uliza habari ya kadi kabla hujalipia chochote. Na leseni ya kimataifa ichukue nyumbani kabisa.

Kule wanaendesha kulia na usukani uko kushoto. Hilo nilijiandaa nalo. Kilichonisumbua ni mkono: gari langu la Kijapani lina indiketa upande wa kulia, la kule iko kushoto, kwa hiyo siku nzima ya kwanza kila nilipotaka kukata kona niliwasha waipa, nikawa nafuta kioo kikavu. Halafu kiplefti! Jina lenyewe linakudanganya, maana kule unaingia kwa kulia na unawapisha wanaotokea kushoto. Vijijini tena ni kinyume: pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama katoka kwenye kichochoro. Mama nilimpa kazi moja tu, kila tukitoka kwenye maegesho aseme "kulia!" Aliisema kama konda wa daladala.

Tulianza na Chambord, ambalo mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519. Lina vyumba zaidi ya 400 na meko 282, na msitu wake umezungushiwa ukuta wa kilomita 32. Katikati kuna ngazi mbili zinazojisokota pamoja. Anayepanda na anayeshuka wanaweza kuchunguliana kwenye vidirisha bila kukutana. Mama alibaki chini kwenye benchi. Niliporudi nikamwambia kwamba mfalme mwenyewe alikaa humo siku kama 72 tu katika miaka 32 ya utawala wake.

"Sasa meko yote hayo alikuwa anamwashia nani?"

Sikuwa na jibu. Tulitoka hapo saa nane na nusu, tukakuta mikahawa yote ya karibu imefunga jiko. Chakula cha mchana kule ni saa sita hadi saa nane, ukichelewa utakula mkate na jibini garini, kama sisi.

Chenonceau lilimfaa zaidi. Kasri limekaa juu ya mto Cher kama daraja, na ukumbi wake wa mita 60 hauna hata ngazi moja ndani yake. Nje kuna bustani mbili zinazotazamana. Kubwa ni ya Diane de Poitiers, hawara wa mfalme Henri wa Pili, aliyepewa kasri hilo mwaka 1547. Ndogo ni ya Catherine de Médicis, mke wa ndoa. Mfalme alipofariki mwaka 1559 baada ya kujeruhiwa kwenye mchezo wa mikuki, Catherine alimtoa Diane na kumpa kasri la Chaumont badala yake. Mama aliisikiliza habari hiyo akiwa amekaa ukingoni mwa bustani ya Diane, akaomba nirudie. "Ningekuwa mimi," alisema, "hata hilo la Chaumont asingelipata."

Lakini safari ilikuwa Villandry. Tiketi ya bustani peke yake ipo, tukachukua hiyo, vyumba tukaviacha. Bustani imepangwa kwa matuta makubwa matatu yanayopandana kama ngazi, na la chini ni la mboga: miraba tisa iliyo sawa, kila mmoja na mchoro wake, imezungushiwa vichaka vifupi vilivyokatwa kama kwa rula. Ni kazi ya Joachim Carvallo, Mhispania aliyenunua kasri mwaka 1906 pamoja na mkewe Mmarekani, Ann Coleman.

Mama alisimama juu kwenye ukingo, akanyamaza. Ilikuwa Septemba, maboga yameiva. Kabichi nyekundu zimepangwa kama zulia, liki zina ule ubuluu wake, majani ya karoti yanapepea.

"Wamepanda kabichi kama maua," alisema. Kisha mkulima akaamka ndani yake. Udongo hauchoki? Mdogo wangu alikuwa nasi siku hiyo, akamtafsiria maelezo: hupanda mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya joto, na hawarudishi jamii moja ya mboga pale pale. Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mkaguzi. Tukazunguka kwa saa tatu. Goti halikutajwa.

Dukani alishika pakiti nne za mbegu. Nikamwambia haiwezekani, mbegu kuingia nchini zinataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Akazirudisha polepole, akatoa simu, akapiga picha majina yote.

"Majina hayana kibali," alisema.