Mbaazi ni zangu, mnada ni wa lazima

Mkutano wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, huku Nachingwea, Lindi, leo umewaka moto. Ajenda ilikuwa makato, watu wakarukia swali la kila msimu: mbaazi nimelima mwenyewe, kwa nini lazima niuze kwa stakabadhi ghalani, yaani niyapeleke mazao ghala la pamoja, nipewe risiti, yauzwe mnadani? Mzee mmoja kasimama na risiti, kaisoma kato kwa kato: ushuru wa halmashauri, chama, ghala, usafirishaji. Mama mmoja nyuma akadakia: "Babu, umesahau makopo ya kupimia ya walanguzi, yamegongwagongwa chini mpaka yametanuka?" Tukacheka sana.

Mimi bado niko na mnada, maana bei inasomwa hadharani. Ila malipo yakichelewa na ada ya shule inadaiwa, anayemuuzia chomachoma, mlanguzi wa nje ya mnada, usiku simlaumu.